Kosa Nililoisingizia Kompyuta

Kompyuta ilituambia mapema. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililowaficha watu, na nikianza na jambo jingine nitapata njia ya kulizunguka tena.

Ilikuwa ikituambia kila asubuhi. Ukiiwasha, kabla hujaona chochote, skrini inajaa rangi ya buluu na maandishi meupe: kwamba kampuni iliyoutengeneza mfumo ule itaacha kuuhudumia, kwamba baada ya tarehe fulani hautapata tena marekebisho wala ulinzi, na kwamba tuhamie mfumo mpya. Chini kulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kujua zaidi, kingine cha kukumbushwa baadaye. Mimi nilibonyeza cha baadaye. Nilikibonyeza kama mama anavyomjibu mtoto anayemvuta kanga: haya, nimesikia, ngoja.

Saiba yetu iko Kakuyuni, chumba kimoja kando ya barabara, printa moja, kompyuta moja ya kazi na benchi la kungojea. Mwenyewe ni mama wa kutoka bara, aliyehamia huku zamani na mumewe. Mimi ndiye mpiga chapa. Shule yangu iliishia darasa la nane, nikaongeza miezi michache ya kujifunza kupiga chapa Malindi mjini, basi. Ya ndani ya kompyuta siyajui. Najua kuiwasha, kuandika, kuhifadhi na kuchapisha. Ikinuna, tunamwita fundi.

Usumbufu nao ulikuwepo, sikuubuni, na lazima niuseme. Siku moja mashine ilijizima yenyewe katikati ya kazi, ikaandika kwamba inajiboresha na tusiiguse, ikazungusha kiduara chake mpaka adhuhuri. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama aliyekwisha fika ukurasa wa mwisho wa fomu ya mtoto wake wa kwenda chuo. Fomu ilipotea, akaanza upya. Kisha tovuti za serikali zikaanza kutukataa: kivinjari chenu ni cha zamani, tumieni kipya. Ukipakua kipya, nacho kinasema mfumo wenu ni wa zamani. Ukiomba mfumo mpya, mashine inajipima, halafu inakujibu kwamba yenyewe haifai. Haijaharibika. Inaandika vizuri, inasikilizana na printa. Lakini haifai.

"Yaani imefutwa kazi na bado ina nguvu," alisema mwenye saiba. "Kama mume wangu tu."

Wateja walicheka, nami nikacheka. Tulizoea kuicheka ile habari. Nadhani ndiyo sababu sikuichukua kwa uzito, ingawa huenda hapa najitafutia kisingizio.

Sasa nimseme yule mzee.

Alikuwa amekuja kwetu miaka miwili nyuma, asubuhi ya siku isiyo na watu. Nilimjua kwa sura, mzee wa kanisani, mwenye shamba upande wa chini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeandika historia za marehemu?"

"Ndimi. Poleni. Nani amefariki?"

"Bado," akasema. "Ni mimi. Nimekuja mapema."

Nilidhani anafanya mzaha. Akavuta kiti, akaweka fimbo chini. Akasema wanawe ni watu wazuri lakini watamwandika vibaya. "Watasema nilipenda kanisa na nilikuwa mcheshi. Umewahi kumwandika maiti ambaye hakuwa mcheshi?"

Nikafikiri, nikamwambia la, sijawahi.

Alikuja asubuhi mbili. Yeye akisema, mimi nikiandika. Alieleza alivyokuwa mgema kule Kaloleni ujanani, minazi aliyopanda, mmoja uliotaka kumuua. Alieleza alivyohamia Kakuyuni, akaoa, akazaa watoto tisa. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa amekwisha tangulia. Halafu akaniuliza kama mlango unafungwa. Nikaufunga.

Akasema watoto si tisa. Ni kumi. Wa kwanza ni binti aliyezaa kule Kaloleni na msichana ambaye babake hakumruhusu kumwoa. Mwenye kuzaliwa kwetu atalielewa hili bila kuelezwa, lakini nitalieleza: mtoto ambaye mahari ya mamake haikutolewa ni wa kina mamake. Baba hana la kusema juu yake. Mzee alisema yeye hakukaa kimya. Alikwenda na tembo la mnazi kwao yule msichana, na wajomba zake wakalipokea na kulinywa, na tembo likinywewa maana yake neno limekubaliwa, hata kama mahari itafuata baadaye. Waliokunywa walikuwa watatu. Aliwataja mmoja mmoja, jina la kila mtu na la babake na mahali anapokaa, nami nikaandika. Mahari haikufuata. Yule msichana aliolewa kwingine, akafa mapema. Binti akalelewa na wajomba, akakua, na maisha yakamleta yeye mwenyewe Kakuyuni, analima mabenda, yaani bamia, na mchicha, anauza pale pale penye soko letu. Nilikuwa nikinunua kwake. Sisi sote tulimwita mtu wa Kaloleni.

"Nikifa atajwe," mzee akasema. "Atajwe wa kwanza, maana ndiye wa kwanza. Awe pamoja na wenzake."

"Kwa nini usiwaambie wewe mwenyewe, babu?"

"Najaribu tangu yule mkubwa hajaota ndevu. Mdomo haufunguki. Ndiyo nimekuja kwa mashine."

Alinikataza nisichapishe. Karatasi ikifika nyumbani itasomwa, akasema, ikae humu humu mpaka siku yake. Mzee alikuwa amekwisha mwambia yule binti kwamba ipo na iko kwangu. Akaitazama kompyuta.

"Na hii haitasahau?"

"Haisahau, babu," nikamwambia. Sikuombwa na mtu niape, lakini nililisema kama mwenye kuapa.

Nikahifadhi kwa majina yake mawili, kama nilivyokuwa nikihifadhi kazi ya kila mtu. Mpangilio wangu ulikuwa huo: kila mwaka una folda yake, na ndani ya folda kila faili lina jina la mteja. Nilijiona mtu mwenye utaratibu.

Turudi kwenye mfumo. Tarehe ile ya kampuni ilifika, ikapita. Mwenye saiba alipoona wateja wa tovuti za serikali wanatuvuka kwenda Malindi, akaelewana na fundi amletee kompyuta iliyotumika lakini ya karibuni, na ile yetu aichukue yeye, aifute, aiwekee mfumo mwingine na kumpelekea mtu wake Mombasa. Fundi alinipigia simu wiki nzima kabla. "Dada, hamisha mafaili yako polepole, usingoje siku ya siku."

Nilimwambia sawa. Nilingoja siku ya siku.

Alikuja asubuhi akiwa na haraka, kazi nyingine inamngoja Kilifi. Kwenye benchi watu wanne. Nikachomeka flashi, nikafungua folda za miaka yote, na badala ya kuhamisha folda kama zilivyo, nikachota mafaili yaliyomo na kuyamwaga yote mahali pamoja. Niliona ni njia ya mkato. Katikati mashine ikasimama, ikauliza: faili lenye jina kama hili lipo tayari, hili jipya lichukue nafasi yake?

Na hapa nataka mnielewe, si mnihurumie. Mimi nina tabia ya kuhifadhi kazi moja mara mbili kwa woga. Nikadhani ni hizo. Ikauliza tena, na tena. Kulikuwa na kijisanduku cha kutia alama, kwamba jibu liwe hilo hilo kwa yote. Nikakitia alama. Ndiyo kwa yote.

Sasa kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, na jina linalofuata ni la baba. Basi babu na mjukuu hubeba majina yale yale mawili kwa mpango ule ule, na hakuna anayeona ajabu. Nimesoma darasa moja na watoto watatu wa namna hiyo, mwalimu akiita jina wanaitika wote. Mimi mwenyewe nina jina la nyanya yangu. Mtu wa kampuni ile, huko aliko, hangeweza kulijua hilo. Mimi nililijua tangu utotoni, na mashine iliponiuliza, na iliniuliza wazi, sikulifikiria hata kidogo. Mjukuu wa yule mzee alikuwa amekuja kwetu mwaka uliofuata ule wa babu yake, nikamwandikia barua ya kuomba kazi.

"Umehamisha zote?" fundi akauliza.

"Zote."

"Umefungua ukahakikisha? Maana nikishafuta mimi sina uganga."

"Nimehakikisha."

Sikuwa nimefungua hata moja. Akaifuta pale pale mbele yangu.

Ile kompyuta mpya ilinitesa siku za mwanzo, nami nikafurahi kuilaumu. Haikutaka kufunguka mpaka ipewe barua pepe ya mtu na neno la siri. Printa yetu iliikana kabisa. Vitufe nilivyovizoea vilikuwa vimehamishwa, ukitafuta cha kuchapisha unapata cha kutuma mbali. Nilimwambia kila aliyeketi kwenye benchi jinsi hawa wakubwa wa kompyuta wanavyotuonea, kitu kizima wanakifanya kibovu ili tununue kingine. Nilikuwa nimekwisha izoea ile lawama kabla sijawa na haja nayo.

Mzee alifariki miezi michache baadaye. Alikuwa ameugua kifua. Siku ya pili yake, asubuhi, binti yake akaja. Ni mwanamke aliyepita hamsini, amenizidi umri, huwa namwita dada. Alivaa kanga mbili nyeusi. Alisimama mlangoni kwanza, kama asiyejua kama ataruhusiwa.

"Nimefikiwa, mwenzio," akasema.

"Pole sana, dada. Nimesikia."

"Aliniambia iko kwako."

"Iko. Njoo ukae."

Alikaa karibu yangu, akaweka mikono mapajani. Nikaandika majina mawili ya mzee, faili likatokea, nikalifungua. Ilikuwa barua. Kwa meneja wa hoteli. Mimi ni kijana mwenye bidii, naweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Nikalifunga, nikalifungua tena, kama mtu anayefungua sufuria mara ya pili akitegemea mchuzi utakuwa umerudi. Nikatafuta kote. Kumbe ni ile alama yangu ya ndiyo kwa yote. Nilijua papo hapo. Sikuhitaji fundi kuniambia.

"Imesemaje?" akauliza. Hakuwa na kusoma kwingi, alikuwa akiutazama uso wangu, si skrini.

Nikasema, "Dada, ni hii apdeti. Imekula."

"Imekula nini?"

"Kampuni imefunga mfumo wa zamani, tumelazimishwa kuhamia huu mpya. Kuhama kwenyewe kumekula mafaili."

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu akingojea kopi zake. Akadakia, "Nilisema mimi! Hawa watu hawakuulizi, wanakuingilia nyumbani wakatoka na vyombo. Simu yangu mwenyewe ilikula picha za harusi ya binti yangu."

"Na simu yangu ilikula namba za watu," mwanamke aliyeketi kando yake akasema. "Mpaka leo nikipigiwa sijui ni nani, najibu tu ee, ee."

"Si wangetuachia vitu vyetu tuzeeke navyo?"

"Watuachie wapi! Wao wanakula wapi?"

Walikuwa wakinitetea. Kila mmoja aliniongezea tofali. Dada aliwasikiliza wote kwa adabu, halafu akaniuliza polepole, "Haiwezi kutapika?"

Nikampigia fundi mbele yake, na hilo nililifanya kweli. Akasema mashine ile ilishafutwa na kuwekewa mfumo mwingine na iko kwa mtu Mombasa, haina kitu tena. Nikamwambia dada haiwezekani. Akasema, "Basi ndivyo Mungu alivyopanga," akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Nikamwachia Mungu naye sehemu ya kosa langu.

Siku iliyofuata akaja mwana mkubwa wa mzee na wenzake wawili wa kamati ya mazishi. Walitaka ratiba ya kurasa nne, picha mbele, nyimbo, historia ya marehemu. Alikuwa nayo imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Nikapiga chapa. Alizaliwa, akasoma kidogo, akalima, alipenda kanisa, alikuwa mcheshi. Nikafika penye watoto. Wa kwanza alikuwa yeye. Nikahesabu kwa macho, tisa.

Vidole vyangu vilisimama. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyekuwa ameyaona yale maneno, mimi na mwenyewe aliyeyasema, naye yuko mochari. Faili lilikuwa limepotea lakini mimi nilikuwa hapo, nina kinywa. Nikauliza, sauti ikatoka ndogo, "Watoto ni hawa tu, kaka?"

Akanitazama. Hakuwa mtu mkali, nimseme kwa haki. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia na kukimbizana na mambo. Lakini nadhani alikuwa amewahi kusikia uvumi.

"Kwani wewe unamjua mwingine?"

Nikasema, "La."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia sina ushahidi, mimi ni mpiga chapa tu, neno langu dhidi ya ukoo mzima lingekuwa fitina msibani. Kuna ukweli kidogo katika hayo. Lakini ukweli ulio chini yake ni kwamba ningesema, wangeuliza: basi ile karatasi iko wapi? Na ningeshikilia ile hadithi ya apdeti mbele ya watu wanaokata maneno, na mmoja angeniuliza vizuri, ningetoka uchi. Kwa ajili ya hilo nilichapisha watoto tisa. Nikanyoosha kingo za karatasi, nikazikunja, nikazipiga pini katikati. Zilitoka nzuri sana. Yule kaka akanishukuru.

Mazishini sikwenda. Nilisema nina homa. Waliokwenda walinisimulia bila kuulizwa. Waliitwa watoto wa marehemu watupe mchanga kaburini, wakaitwa kwa ratiba, kila mmoja kwa jina lake, tisa, kisha wajukuu. Mtu wa Kaloleni alikuwa upande wa majirani, nyuma, kwenye ua. Mwanamke aliyenisimulia alisema, "Lakini alilia yule, kama wa mle ndani. Watu wengine wana huruma."

Ningeweza kuendelea hivyo. Nasema kwa aibu kwamba ningeweza, maana wiki mbili niliendelea. Kilichoniharibia ni wema wa yule dada. Alikuja saiba siku ya soko na mfuko wa mabenda, akauweka juu ya meza yangu.

"Niliona siku ile ulivyoumia," akasema. "Usijiumize. Si kosa lako, ni mitambo."

Nikasema asante. Niliyapeleka nyumbani, nikayakata, nikayapika, na mume wangu akayasifu. Mimi sikuweza kuyameza. Angenitukana ningemeza. Nikamwambia mume wangu habari yote palepale tukiwa tumekaa jamvini. Akauliza matanga yanamalizwa lini. Nikamwambia Jumamosi. Akasema, "Basi unajua," akaendelea kula.

Siku ya kumaliza matanga ukoo hukaa pamoja, na kabla watoto hawajanyolewa nywele huulizwa kama kuna mwenye neno na marehemu, aliyeachiwa kitu, aliyeambiwa jambo, aseme sasa. Walikuwa wameketi kwenye mikeka na viti vya kukodi. Yule dada wa mabenda alikuwa jikoni na wanawake wa jirani akichuja nazi. Dada wa marehemu, bibi mmoja mkavu aliyekuja kutoka Kaloleni, alikuwa amekaa na bakuli la maji na wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi. Yeye ndiye wa kunyoa.

Walipouliza, nikasimama. Nikasema mimi ni mpiga chapa, na marehemu alikuja kwangu na kuniandikisha historia yake, na ndani yake aliwataja watoto kumi. Nikasema wa kwanza ni nani na yuko wapi muda ule. Nikasikia jikoni vyombo vinanyamaza.

"Iko wapi hiyo karatasi?" mzee mmoja akauliza.

"Ilikuwa kwenye kompyuta. Imefutika."

"Aa, si nilisikia ni apdeti?" mwingine akasema.

"Nilisema hivyo. Haikuwa hivyo. Kompyuta ilinionya miezi, na siku ya kuhamisha iliniuliza, nikajibu bila kusoma. Faili la mjukuu likafunika la babu, maana majina ni mamoja. Niliyefuta ni mimi."

Sauti nyuma ikasema, "Basi na kompyuta nayo iombwe radhi!" Watu wakacheka, wengine wakamkemea aliyesema. Kicheko kile nilikistahili.

Mwana mkubwa hakucheka. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kwa kinywa changu kama unamjua mwingine."

"Uliniuliza, kaka."

"Ukasema la."

"Nilisema la."

"Sasa nikuamini lini? Siku ile au leo?"

Mpaka leo naona alikuwa na haki ya kuuliza. Bibi yule wa wembe ndiye aliyeniokoa, au aliyenibana zaidi, sijui. Akaniuliza, "Alisema nini juu ya tembo?"

Sikuwa nimetaja tembo. Nikamweleza: alilipeleka yeye mwenyewe, likanywewa na wajomba watatu. Akataka majina. Nikataja la kwanza, nikataja la pili, kwa baba zao na mahali wanapokaa. La tatu sikulikumbuka. Nililitafuta nikiwa nimesimama pale, watu wote wananitazama midomo. Lilikuwa likianza kama majina mengi ya kwetu yanavyoanza, na ningeweza kubahatisha, huenda ningepata. Nikasema la tatu silijui tena. Lilikuwepo, nililiandika, limenipotea.

Wa kwanza ilionekana amekufa. Wa pili yu hai, mzee sana, kule kule Kaloleni, na wakaanza kubishana nani aende kumuuliza na siku gani, na kama shamba litagawanywa kabla au baada. Bibi akawaacha wabishane. Alifungua wembe kwenye karatasi yake.

"Ya shamba ni yenu, mtayangoja," akasema. "Nywele mimi singoji. Tembo lile nilibeba mimi kichwani, nikiwa msichana, kaka yangu akinitangulia njiani. Kazi yangu ilikuwa kubeba, si kusema, na mwanamke wa upande wa baba akisema peke yake huambiwa ana chuki na mke wa kaka yake. Nilikuwa nangoja mtu mwingine aseme. Mwiteni."

Alitoka jikoni mikono ikiwa na tui. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemkaribisha. Ndugu yake mkubwa alisogea kwenye mkeka, si sana, upana wa mtu. Kwa kuwa wengine walikuwa wamekwisha kujipanga, yeye alikaa wa mwisho, wala si wa kwanza kama alivyotaka babake. Bibi alimnyoa kwa utaratibu, akimwinamisha kichwa kwa vidole viwili, nywele zilizochanganyika mvi zikianguka juu ya kanga.

Nilimngojea nje ya ua. Alipokuja kichwa chake kilikuwa kimefungwa leso na uso umekuwa mdogo, umekuwa wa mzee, nikaona kwa mara ya kwanza alivyofanana naye.

"Dada," nikasema, "nisamehe. Ningesema tangu siku ile ya kwanza."

"Ungesema," akasema.

Akatazama upande wa kaburi ambako saruji ilikuwa bado mpya.

"Mchanga sikutupa mimi," akasema.

Mchanga hutupwa mara moja. Hakunitukana, hakunishika mkono. Kutoka ndani mmoja wa wadogo zake, binti wa mwisho wa mzee, akaita kwamba wali unapakuliwa na sahani hazitoshi, na akaita bila jina, "Wee dada, hebu njoo tusaidiane!" Akageuka, akaenda.